Risasi Haikupigwa Ziwani

Jumapili, saa tisa mchana. Mkolani.

Mvua imegoma. Tangu asubuhi wingu limekaa juu ya mawe ya kule mlimani, zito, jeusi, linatutazama tu. Upepo hakuna. Nguo alizoanika Mama Shija, mke wangu, zimening'inia kimya kama watu waliosimamishwa kusikiliza tangazo.

Naandika kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto. Wa kulia umelala pajani. Vidole navikunja vizuri tu, lakini kukinyanyua kiganja, hapana. Naamuru, hakipandi. Kinaning'inia kutoka kwenye kifundo kama shingo ya kuku aliyekwisha kuchinjwa.

Mnaonisoma humu mnaujua mkono huu. Ndio uliofufua ile redio ya mbao iliyozama na mtumbwi, ikakaa ziwani siku arobaini. Niliwasimulia jinsi nilivyofungua spika nikamkuta samaki mdogo, furu, anaogelea ndani, nikamtoa, nikapuliza, na jioni ile ile redio ikasoma taarifa ya habari.

Sasa leo nakiri. Furu alikuwa amekufa. Na siku zilikuwa mbili.

Nakiri hilo dogo kwanza ili nipate nguvu ya kukiri kubwa. Blogu hii alinifungulia Kabula, mtoto wa marehemu dada yangu, ninayekaa naye hapa nyumbani. Alisema, "Mjomba, stori zako zikibaki jikoni zitatuua, ziweke kwenye mtandao ziwasumbue na wengine." Yeye mwenyewe hasomi humu. Anasema hawezi kutumia bando lake kwa kitu anachokisikia bure kila siku. Ndiyo maana naweza kuandika.

Leo si stori. Najua mtacheka. Chekeni, lakini msome.

Mimi Luhende nimesoma mpaka darasa la saba, lile la zamani, ambalo ukilipima na la siku hizi ni chuo kikuu. Kazi yangu ni redio kuukuu. Simu sigusi, televisheni hizi za bapa sigusi. Naletewa zile redio za mbao zenye taa ndani, za babu zao, wanazozikuta darini baada ya msiba. Kuanzia Mirongo mpaka Misungwi, mzee akifa akaacha redio, nyumbani kwangu itafika.

Katika kazi yetu, ule waya laini wa kulehemu tunauita risasi. Kulehemu ni kupiga risasi. Mteja akija kuulizia redio yake namwambia, "Nimeipiga risasi mbili, imefufuka." Anacheka, mimi nacheka, siku inaenda.

Na kuna jambo ambalo kila fundi wa rika langu analifanya. Mkono mmoja umeshika chuma cha moto, mwingine umeubana waya usitikisike. Risasi utaishika na nini? Utaishika na meno. Unaing'ata ncha, unashusha uso mpaka karibu na kazi, chuma kinagusa, moshi unakupanda puani. Miaka thelathini na moja nimeng'ata risasi. Nilikuwa najisifu kuzijua ladha: ya zamani ni tamu kidogo, ya siku hizi haina kitu.

Redio ikishindikana kabisa, situpi. Nakwangua risasi yake yote naitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo likijaa tunawasha moto kwenye jiko la nyuma ya nyumba, tunaiyeyusha kwenye sufuria pamoja na sahani za betri kuukuu zilizokuwa zinaendesha redio hizo, halafu tunaimimina kwenye vishimo vya udongo. Zinatoka risasi za nyavu, zile za kuuzamisha wavu wa dagaa. Majura mvuvi hachukui kwa mtu mwingine. Anasema zangu zinazama kwa adabu.

Hiyo sufuria zamani ilikuwa ya maharage. Siku za wageni wengi imewahi kurudi kuwa ya maharage.

Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu na sijui niifanye nini.

Mkono ulianguka mwezi uliopita. Kabla ya hapo ni tumbo, linanyonga kama kamba mbichi, choo siku nne tano hakuna. Nikasema ni ugali wa mhogo. Mkono ulipoanguka nikasema nimeulalia. Mama Shija ndiye aliyenipeleka hospitali, kwa kunitisha kwamba atamwita kaka yake. Wakatoa damu, ikasafirishwa mpaka Dar, na Alhamisi hii iliyopita tukaitwa kuchukua majibu.

Muuguzi wa dirishani alisoma karatasi kwa sauti ya mtu mwenye foleni ndefu. "Luhende? Damu yako imekutwa na risasi, tena nyingi. Ingia kwa daktari."

Mama Shija akaruka kwenye benchi. "Si nilisema! Lisasi ya Ukerewe hiyo! Imeanza kuyeyuka!" Yeye ni mtu wa Misungwi, risasi kwake ni lisasi, na simu ilikuwa sikioni kabla mimi sijasimama.

Hapa inabidi niwaeleze wageni wa humu. Wenyeji mnaijua hii stori, nimeiandika mara mbili na mara ya pili majambazi waliongezeka.

Nina kovu kwenye paja la kulia, la mviringo, limezama kama alama ya kidole kwenye donge la ugali. Stori inasema nilikwenda kisiwa kimoja huko Ukerewe kumtengenezea redio tajiri wa mitumbwi. Majambazi wa ziwani wakatuvamia wakitaka injini. Mimi nikasimama mbele ya injini. Wakapiga. Risasi ikaingia pajani ikakaa, na daktari akasema ikitolewa nitakufa, ikibaki nitaishi miaka mia. Kwa hiyo ninayo mpaka leo. Mvua ikitaka kunyesha inauma.

Stori hiyo ndiyo iliyoniozesha mke. Baba yake Mama Shija alikuwa hataki kabisa mtu wa redio. Aliposikia kwamba huyu ana risasi ya majambazi mwilini, akavuta kigoda akaniambia kaa.

Ukweli ni kwamba nililala kibandani mchana na chuma cha kulehemu kikiwa kwenye umeme, juu ya paja.

Basi.

Nilimwambia mke wangu abaki nje. Daktari ni binti mdogo, umri wa Kabula hivi, lakini ametulia kama maji ya mtungi. Akasema, "Shikamoo, mzee." Nikasema marahaba kwa sauti ya mtu mwenye risasi. Akatoa ile eksirei ya paja waliyonipiga wiki ya kwanza, kwa sababu na wao tuliwasimulia. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mzee, humu hamna risasi."

Akaishusha, akaiegemeza dirishani.

"Risasi ninayoisema mimi ni madini. Ile laini, nzito. Wewe unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Nilianza na ile redio ya furu, akanirudisha taratibu. Akaniambia nipanue mdomo, akavuta mdomo wa chini kwa kidole, akaangalia fizi. Akanipa kioo kidogo. Kwenye ukingo wa fizi, pale zinapokutana na meno, kuna mstari mwembamba wa bluu iliyokoza, kama mtu amenipitishia kalamu ya wino. Mimi nilikuwa nauona kila asubuhi nikijua ni uzee.

Akasema ndiyo hiyo iliyoangusha mkono. Ndiyo iliyolinyonga tumbo. Inaingia kwa mdomo, kwa moshi, kwa vumbi la kukwangua. Akasema dawa ya kwanza ni kuacha, leo, si kesho. Kuna dawa ya pili ya kuitoa damuni, ila hapo hawana, ataandika kuiomba Dar, nisubiri. Nikamwuliza mkono utanyanyuka tena? Akasema, "Inawezekana. Si kwa hakika." Watu wengine huwa nawadanganya kwa huruma, na nilitamani huyu binti na yeye angenidanganya kidogo.

Halafu akauliza, huku anaandika, wala hakunitazama: "Nyumbani kuna mtoto mdogo? Kuna mjamzito?"

Kabula ana mimba ya miezi sita.

Tangu mkono wangu ulipoanguka, Kabula ndiye anayeyeyusha. Mimi ndiye niliyemwomba. Nilikaa kwenye kiti nikamwelekeza, "Subiri iwe kama kioo ndipo umimine, mama, usiogope moshi, mjomba wako ameuvuta miaka thelathini na angalia alivyo." Ndiye anayefagia kibanda kila asubuhi, lile vumbi la kijivu, amejishika kiuno, tumbo mbele.

Daktari alikuwa anasubiri na kalamu.

Nikasema hamna.

Sijui kwa nini. Najua kwa nini. Kama ningesema yupo, angefungua mlango, angemwita Mama Shija, angeanza upya kueleza kwamba risasi hii siyo ile, na ile eksirei ilikuwa bado dirishani. Mlango ulikuwa hatua tatu. Nilichagua paja langu.

Daktari akaniambia tu, kama mtu anayemalizia maelezo ya kawaida, kwamba niwaepushe wajawazito kabisa, maana risasi inavuka kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na ubongo wa mtoto ndio inaoupenda. Alitumia neno hilo. Inaupenda.

Tulipofika nyumbani palikuwa pamejaa. Mama Shija alikuwa ametangaza kutoka hospitali mpaka hapa, kituo kwa kituo. Majirani, watu wa jumuiya, Majura mvuvi na kilo mbili za sato. Wakanikalisha kwenye kochi kubwa. Majura akasema, "Mtu wa kwanza mimi kumwona risasi inamla ndani kwa ndani na bado anakunywa chai." Mzee mmoja akaomba alione kovu. Nikapandisha suruali.

Nilipandisha suruali, jamani. Saa mbili tangu nilipotoka kuambiwa ninachoambiwa, nilipandisha suruali nikaonyesha kovu. Na walipouliza majambazi walikuwa wangapi, nikasema tisa.

Kabula alikuwa anapita na sinia la chai. Ananukia moshi.

Ijumaa sikusema kitu. Nilijiambia nasubiri nafasi. Nafasi ilikuwepo siku nzima, ilikuwa inafagia kibanda.

Jana, Jumamosi, nikaamka nimekata shauri. Nikamkuta Kabula kwenye jiko la nyuma, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto, kanga amejifunga juu ya tumbo, upawa mkononi. Sufuria inang'aa ndani kama kioo. Majura anataka risasi mia mbili kabla giza halijaanza. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, na mwezi ukishaanza kuchelewa, wavuvi hawana tena muda wa kusikiliza mtu.

Nikamwambia, "Kabula, acha hiyo kazi."

"Zimebaki themanini tu, Mjomba."

"Acha. Nataka nikwambie ukweli. Risasi iliyo kwenye damu yangu siyo ya majambazi. Sikupigwa. Ni hii hapa, unayoikoroga."

Akanitazama. Nilidhani ameelewa. Macho yake ni ya dada yangu, yakitulia hivyo nasahau nilichotaka kusema. Kisha mdomo ukaanza kumcheza.

"Mjomba! Alhamisi walikuwa tisa, leo hata mmoja hayupo? Wamekwenda wapi, wamezama?"

"Sikutanii. Daktari amesema. Inaingia kwa moshi. Inaingia mpaka kwa mtoto."

"Haya. Na kovu?"

"Nililala na chuma cha kulehemu."

Hapo ndipo alipoangusha upawa. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita shangazi yake. "Shangazi! Njoo umsikie mumeo! Eti alikaangwa na pasi yake mwenyewe ya kulehemu!" Mama Shija akatokea mlangoni na unga mikononi. Akasikiliza. Hakucheka yeye. Akasema, "Baba Shija, ugonjwa usikuvunje moyo hivyo. Mwanaume uliyesimama mbele ya injini, leo unajishusha mpaka huko? Nenda kalale."

Nikasema tena. Nikasema kwa jina la dada yangu. Kabula akafuta machozi ya kicheko akasema, kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionimaliza, "Mjomba, ulishawahi kuniapia kwa jina la mama kwamba ulishika umeme wa nguzo kwa meno."

Ni kweli niliapa.

Nikafikiria kuwaonyesha fizi. Nikafungua mdomo, nikavuta mdomo wa chini kwa mkono wa kushoto, nikawa naongea hivyo hivyo. Kabula akazidi kucheka. Na alivyocheka, kichwa amekirudisha nyuma, meno yote nje, jua la saa nne likimwingia mdomoni, mimi nikaacha kuongea. Nikawa natafuta. Kwenye fizi za chini, upande wa kushoto. Kuna kitu au hamna? Kivuli? Alikuwa amekula kisamvu jana yake. Nikasogea, akafunga mdomo.

Sikujua. Mpaka sasa sijui.

Mimi huyu ni mtu anayesikia hitilafu ya redio kwa kuigonga tu. Nilishindwa kusoma fizi za mtoto wa dada yangu kwa hatua moja.

Leo asubuhi, wao wakiwa kanisani, nikasema kama sina maneno basi nina miguu. Nikachukua kopo la maziwa, limejaa. Ni dogo hivi, lakini ukilibeba lina uzito wa mtoto mchanga. Nikalikumbatia kwa mkono wa kushoto, nikapanda bodaboda mpaka ufukweni Nyegezi. Nikalitupe ziwani, liishe. Bila risasi hakuna kuyeyusha.

Nilisimama juu ya jiwe. Chini yangu mama mmoja alikuwa anachota maji kwa ndoo. Alijaza, akakinga mengine kwa kiganja, akanywa. Akaniona.

"Shikamoo, baba. Unatupa nini?"

"Marahaba. Situpi kitu, mama. Napunga upepo."

"Upepo wenyewe uko wapi leo?" Akacheka. "Na kopo?"

"Ni la dawa."

Sikuweza. Akajitwika ndoo akaondoka, na bado sikuweza. Nikakumbuka kwamba nimeshaitupa humu miaka yote. Kila wavu wa Majura umevaa risasi zangu, na kila wavu uliokatika umeziacha chini.

Nikafikiria kuizika uani. Uani kuna mchicha wa Mama Shija. Nikafikiria jalala. Jalala letu linachomwa moto kila jioni, moshi unaingia madirishani kwa watu. Alhamisi nilimwuliza yule daktari, vitu vyenyewe nivipeleke wapi? Akasema, "Mzee, hilo nitauliza." Alikuwa amejibu kila kitu mpaka hapo.

Nikarudi nalo. Sasa hivi liko chini ya kitanda changu, limefungwa mfuko juu ya mfuko. Na rafuni bado ziko redio kumi na moja, kila moja na yake ndani. Zile taa nilizokuwa najisifu nazo, zile kapasta, vile vikopo vya kuhifadhia umeme, zenye mafuta ambayo nilikuwa napaka bawaba za milango ya nyumba hii zisilie. Sijui ni lipi lingine nisilolijua. Nimezoea kuwa mtu anayeulizwa.

Nilipoingia uani, moto ulikuwa umewashwa tena. Wametoka kanisani, wamekula, na Kabula ameketi kigodani. Kwenye sufuria kulikuwa na kile kilichobaki jana.

Nikasimama mlangoni nikamtazama. Ukweli niliutumia wote jana, haukununua kitu.

Basi nikafanya ninachokijua.

Nikashika paja. Nikapiga kelele. Nikajiachia chini pale pale kwenye vumbi la uani, na kuanguka nilianguka vizuri, kwa sababu mkono mmoja haunidaki. Wakanijia wote wawili.

"Imehama!" nikasema. "Risasi imehama!"

"Wapi, Baba Shija? Wapi?"

"Inapanda. Inakwenda kwenye kinena. Daktari alinionya, nikaficha nisiwatie hofu." Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. "Alisema risasi inasikia mwenzake. Ikisikia moshi wa risasi nyingine inaamka. Moshi, na vumbi lake. Ndiyo maana jana nilitaka mwache, nikaona aibu kusema naumwa, nikawatungia yale ya pasi."

Mama Shija aligeuka, akachukua ndoo ya maji ya kuoshea vyombo, akamwagia jiko lote. Mara moja. Hakuuliza hata swali moja. Moto ukazima kwa mlio mmoja.

Mimi niko chini, nalia. Walidhani ni paja.

"Na kuna jingine," nikasema. "Kabula, daktari anakutaka wewe. Mimi na mama yako tumetoka tumbo moja, damu ni ile ile. Anataka apime na yako, aone damu ya ukoo wetu inashikaje risasi. Bila hivyo hawezi kuniandikia dawa. Kesho asubuhi."

Alikuwa amepiga magoti, tumbo limegusa bega langu, na mtoto akacheza. Nilimsikia begani, teke dogo, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu.

"Mjomba, kwa nini hukusema tangu Alhamisi? Ningekwenda hata kwa miguu."

Aliniamini. Hapo hapo. Akaanza kulia na yeye, akanifuta vumbi usoni kwa upindo wa kanga, ile kanga ya jikoni, na mimi nikageuza uso.

Mama Shija amekwisha kumpigia Majura kumwambia risasi zake hazipatikani, mzee imemhamia. Majura ameahidi kuja kesho na wavuvi wenzake wa mwaloni. Kabula ameoga, amelala. Nimemwambia aoge na nywele, na nguo za jikoni aziloweke peke yake, nikasema ni masharti ya daktari. Ameyafuata yote. Nimekaa hapa sebuleni najiuliza ningeweza kumlinda na mambo mangapi miaka hii yote kama ningeanza kumdanganya mapema.

Najua kesho itakavyokwenda. Tutaingia watatu, safari hii siwezi kumwacha mke wangu kwenye benchi, atang'ang'ana. Daktari ataona lile tumbo. Atanitazama mimi. Atakumbuka kwamba nilisema hamna. Kisha atatoa ile eksirei, ataiinua dirishani, na Mama Shija ataliona paja langu kama lilivyo, nyama na mfupa, miaka ishirini na miwili ya ndoa, hamna kitu ndani. Majura na watu wake watakuwa wananisubiri nyumbani kwenye kochi kubwa.

Hayo nimeyakubali. Nashangaa nilivyoyakubali kirahisi. Alhamisi yalinishinda kwa hatua tatu tu.

Ninalolihofu ni baada ya hapo. Damu ya Kabula itakwenda Dar, na itachukua wiki zake, na hakuna stori ninayoweza kuitunga ikaifikia njiani ikaigeuza. Yule wa tumboni hajanisikia bado hata stori moja. Ananijua kwa moshi tu.

Wingu bado liko pale pale juu ya mawe. Mkono nimeujaribu tena sasa hivi. Haupandi.

Majibu yake yakirudi, na yule muuguzi wa dirishani akasoma kwa sauti kwamba na yeye ana risasi, Kabula atanigeukia pale kwenye benchi aniulize aliyempiga ni nani. Nitamjibu walikuwa wangapi?